Marinda Ishirini na Saba ya Sajini Elirehema

Ninyi mnaojifunza kushona pale chuoni Majengo mlinialika nije kuwaambia habari za ufundi. Nikaja, nikakaa kwenye kiti mlichonipa, na swali la kwanza likawa: fundi Zuhura, katika miaka yote hiyo, kazi gani ilikushinda? Nilicheka kwa sababu jibu ni refu. Nimeombwa niliandike, basi ndilo hili.

Karibu inishinde sketi. Sketi ya mwanamume.

Nilikuwa nimebakiza kama mwaka mmoja nifunge kibanda. Asubuhi moja akaja mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mrefu, kichwa kimenyolewa, amesimama wima kama mlingoti. Akanipa shikamoo, akajitambulisha: Sajini Elirehema Swai, wa Machame, amerudi nyumbani kutoka Uingereza alikotumikia jeshi miaka ishirini na miwili. Akaweka juu ya meza yangu picha iliyokunjika pembe. Ilimwonyesha yeye mwenyewe akiwa kijana, amevaa koti fupi la kijani, kofia yenye manyoya, mkoba wa nywele nyeupe umening'inia mbele, na kiunoni sketi ya mirabamiraba iliyomfika magotini. Chini ya kwapa alibana mfuko wa ngozi wenye mirija mitatu iliyoegemea begani. Akaniambia hiyo ni zumari ya mfuko, na kwamba katika kikosi chake, kikosi cha Waskoti, ambao kwao sketi ile ni vazi la wanaume, yeye ndiye aliyekuwa mpiga zumari.

"Nataka sare hii, mama," akasema. "Yote. Ile niliyovaa ilikuwa mali ya jeshi, nimeirudisha ghalani. Nimebaki na zumari na viatu."

Nikamuuliza kwa nini asishone suti nzuri kama wanaume wengine wanaorudi kutoka Ulaya. Hapo akakaa kwenye benchi, akanisimulia. Nakala ya picha ile aliituma nyumbani mwaka wake wa pili jeshini. Baba yake aliitundika sebuleni kwa fahari. Wakaja watu kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaiona, wakacheka mpaka wakashika mbavu: mtoto wa Mzee Swai kaenda Ulaya kuwa bibi harusi. Siku ile ile mzee akaishusha picha, akaitia sandukuni. Tangu hapo akiulizwa habari za mwanawe alijibu tu kwamba yuko Ulaya.

"Baba anatimiza miaka tisini," akasema Elirehema. "Kutakuwa na ibada ya shukrani nyumbani, wiki sita kutoka leo. Mama, baba yangu hajawahi kutamka mbele ya watu kwamba mimi ni askari."

Nikachukua futi nikaanza kumpima.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana nilianza kwa kosa. Nilitazama mirabamiraba ile nikajiambia hii si shida, shuka za Kimasai zimejaa mjini. Nikachukua shuka ya kijani na buluu, nikampigia marinda, siku ya tatu nikamwita. Akaivaa. Akatoka barazani, akatembea hatua zake za kijeshi kuelekea kona. Ukaja upepo kidogo tu, ule wa kawaida wa Moshi, na sketi yote ikapanda mpaka kwenye mbavu. Wauza vitumbua wa ng'ambo ya barabara waliziba nyuso kwa khanga, ila macho waliyaacha nje. Kwa bahati alikuwa na suruali ndani.

Akarudi, akaniambia kwa upole kwamba nguo hii inavaliwa na mtu anayetembea kwenye upepo na mvua huku mikono yote miwili inafanya kazi. Haishikwi. Inatakiwa ikae chini kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo ni sufu, tena sufu nzito, na ni mita saba za sufu kwa mtu mmoja.

Mita saba. Nimeshona magauni ya harusi yenye mkia ambayo hayakufika hapo.

Nilikwenda soko la Memorial pale mjini, kwenye mitumba. Yeyote anayewaambia mitumba ni ya wasio na uwezo hajui ushonaji. Kule ndiko sufu halisi iliko. Nilipekua marobota siku mbili, nikapata mablanketi mawili ya Kizungu, ya kijani kilichokolea, buluu na nyeusi, mistari ile ile ya kwenye picha. Nilipima: kila moja lilikuwa na urefu wa mita moja na themanini, na pembeni lilikuwa na ukingo wa kiwandani, ule usiofumuka. Hesabu ikakubali. Ukilipasua blanketi katikati kwa urefu unapata vipande viwili, na kila kipande kina ukingo upande mmoja. Ule ukingo unauweka chini, kwa hiyo sketi haihitaji pindo. Pindo lingeifanya iwe na mdomo mgumu, isicheze. Vipande vinne ukiviunga, unapata mita saba na kidogo, na maungio unayaficha ndani kabisa ya rinda ambako hata mvaaji hayaoni.

La kwanza nikalipasua vizuri. La pili, shoga yangu mmoja alikuwa amekuja kunipa habari za ndoa ya jirani, habari tamu kweli. Nikawa nasikiliza, natikisa kichwa, nakata. Nilipoinua mkasi nikaona nimekata kwa mapana. Ukingo wote ulikuwa umebaki pembeni, na chini kulikuwa na nyuzi zinazochomoka.

Niliweka mkasi mezani. Nilikuwa na miaka sitini na tatu, nimefundisha wasichana zaidi ya ninavyoweza kuwahesabu, na wote niliwaambia wasikate huku wanazungumza.

Nilimtafuta Elirehema nikamwambia ukweli. Kuficha kosa la mkasi ni kazi bure, kitambaa kitakusema. Yeye hakukasirika. Alikiokota kile kipande kilichoharibika, akakiangalia zile nyuzi zake, akaniambia kuna vazi lingine bado hatujalizungumza: joho linalopita begani na kuning'inia mgongoni, na ncha zake huachwa na matamvua. Basi nikazichomoa nyuzi vizuri, nikazisokota mbilimbili, na kosa langu likawa joho. Lakini blanketi la tatu bado lilikuwa linahitajika, na Memorial hapakuwa na jingine.

Mfanyabiashara mmoja akanidokeza kwamba robota lile liligawanywa, nusu lilikwenda Tarakea kwa soko la mpakani. Nikapanda basi. Nilizunguka soko zima toka asubuhi, hakuna. Nikawa nimekata tamaa, najinunulia maharage nirudi zangu, ndipo nikainua macho nikamwona mwenye maharage. Tarakea kuna baridi, na yule mama alikuwa amejifunika blanketi langu.

Jina lake Mama Adelina. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu. Aliniuliza kama nina akili timamu, nimvue nguo sokoni. Nikatoa ile picha. Akaitazama, akaita wenzake watatu waje waitazame, wakaijadili kwa Kirombo kwa kirefu. Halafu akaniuliza baba wa kijana huyu anasemaje. Nikamsimulia habari ya picha kutiwa sandukuni.

Yeye alikuwa na mtoto aliyekwenda mbali na hakurudi. Hakunisimulia zaidi ya hapo. Alilivua blanketi, akalikung'uta maganda ya maharage, akalikunja. Mimi nikavua koti langu la sufu nikamvika, nikaahidi kumletea jipya nitakalomshonea mwenyewe. Alikubali kwa sharti moja: siku ya ibada naye awepo.

Kwa hiyo kitambaa kikatimia. Sasa marinda.

Aliyenifundisha marinda ni mjomba wangu, Mzee Athumani, aliyekuwa akishona sare za shule na za bendi za ngoma kabla hamjazaliwa. Nikiwa na miaka kumi na minane alinipa oda ya sketi arobaini za shule. Mimi, kwa haraka, nikayapiga marinda pasi kwanza halafu nikashona. Yalionekana mazuri sana. Mjomba akachukua moja, akaitikisa mara tatu, marinda yakatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Hakunigombeza. Alinipa wembe, nikafumua arobaini zote. Tangu siku hiyo napiga bandi kwanza, mshono wa muda kwa uzi mweupe, rinda moja moja, kutoka kiunoni mpaka chini, na pasi haigusi kitambaa mpaka bandi imekamilika.

Kwenye sketi ya Elirehema kulikuwa na kanuni nyingine. Mistari ya kitambaa ilijirudia kila baada ya shibiri moja, na jeshini kila rinda lazima lionyeshe mstari ule ule katikati yake, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, ili akigeuka nyuma uone mistari imesimama kama askari kwenye gwaride. Kwa hiyo huamui wewe rinda liwe wapi. Kitambaa ndicho kinachoamua. Yalitoka marinda ishirini na saba, kila moja upana wa sentimita mbili kwenye makalio, likipungua kidogo kidogo kuelekea kiunoni. Ukikosea uzi mmoja kwa kila rinda, mwishoni umekosea nyuzi ishirini na saba na sketi haifungi. Yote hayo ni kwa mkono. Cherehani nililifunika kabisa, nikaweka juu yake birika la chai.

Urefu nao una namna yake. Alipiga magoti sakafuni, nikaangalia ukingo: upite juu ya saruji kwa upana wa kidole. Ukigusa, ni mrefu. Ukizidi kidole, mashangazi zake watakuwa na la kusema. Na kwa kuwa wauza vitumbua walikuwa wakiniuliza kila siku anavaa nini ndani, nilimshonea bukta nyeusi ya kitambaa kizuri. Machame ni baridi, na mashangazi zake ni wengi.

Koti lilinipiga mweleka kwa namna yake. Nililitoa kwenye koti refu la kike la sufu ya kijani, nikaliweka bitana, nikashona vile vibapa vinavyoning'inia kiunoni, nikapanga vifungo vya shaba kutoka kwenye kopo la marehemu mjomba. Akalivaa, likamkaa kama ngozi yake. Nikajipongeza. Halafu akachukua zumari, akaubana mfuko chini ya kwapa la kushoto, akavuta pumzi. Mshono wa kwapa ukaachia, na kifungo cha pili kikaruka mpaka barabarani.

Mjomba aliniambia hilo zamani, nami nikalisahau: mtu apimwe akiwa kazini. Mpishi umpime ameinua mikono, dereva umpime amekaa. Nilikuwa nimempima mpiga zumari amesimama kama muuza duka. Nikampima upya akiwa amejaza hewa, na kifua kikaongezeka inchi tatu. Kwapa la kushoto nikaliongezea kipande cha pembetatu, la kulia nikaliacha. Mkilitandika koti lile mezani leo mtasema fundi alikuwa haoni vizuri, upande mmoja mkubwa kuliko mwingine. Mvisheni mwenyewe, mpeni zumari yake, ndipo mseme.

Mikanda na ule mkoba wa mbele alitengeneza Temba, fundi viatu jirani yangu, mtu mwenye maneno machache sana. Mkoba unatakiwa uwe na nywele ndefu nyeupe na vishada viwili vyeusi, na si pambo tu, uzito wake ndio unaoizuia sketi kwa mbele. Temba alikwenda Kibosho, akarudi na ngozi ya beberu mweupe mwenye ndevu. Aliiloweka, akaikwangua, akaichana nywele kwa kitana chake mwenyewe. Kibanda chake kilinuka beberu wiki nzima na hakuna mteja aliyekaribia. Nilipomwomba radhi alijibu kwamba kazi za namna hii haziji mara mbili. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Kofia tuliiwekea manyoya ya mkia wa jogoo mweusi. Vile vifuniko vyeupe vinavyovaliwa juu ya viatu nilivikata kwenye turubai la hema la watalii, nikaweka vifungo vinane kila mguu, na nikatoboa kidole mara nyingi kuliko idadi ya vifungo. Soksi zilifumwa na mama mmoja wa sweta za shule. Siku mbili kabla ya ibada, Elirehema akavaa kila kitu mbele ya kioo changu. Alinyoosha mikono ya koti, akakaza taya, na nikaona anageuka pembeni ili nisimwangalie usoni. Nikajifanya natafuta chaki.

Siku yenyewe tulipanda Machame asubuhi, mimi na Temba na Mama Adelina aliyevaa koti lake jipya. Kihamba cha Mzee Swai, shamba la nyumbani kwake, kilikuwa kimefagiliwa mpaka chini ya migomba. Watu walijaa, mchungaji alikuwa amemaliza ibada, machalari ya ndizi na nyama yananukia. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mikono, amevaa suti, fimbo kati ya magoti. Miguu yake ilikuwa imeshadhoofu. Walituambia ana miezi hajavuka geti.

Tukaisikia kabla ya kuiona. Zumari ile ina mngurumo unaoanza chini, halafu sauti kali inapanda juu yake. Ng'ombe walianza kulia kwenye mabanda. Watu wakageuka kuelekea njiani, na Elirehema akatokea kati ya mibuni, anatembea taratibu kwa hatua sawasawa, manyoya ya kofia yanacheza, joho limetulia mgongoni. Nilitazama kitu kimoja tu. Kila alipopiga hatua marinda yalifunguka yote pamoja na kufunga yote pamoja, na hakuna hata moja lililobaki nyuma. Mama Adelina aliwaambia waliokuwa jirani naye kwamba ule upande wa kushoto kwa nyuma ni wake.

Kuna waliocheka, siwafichi. Kicheko kilianza nyuma, karibu na mapipa ya mbege, kikasogea mbele. Elirehema hakuacha kupiga. Alifika mbele ya baba yake, akamaliza wimbo, akasimama wima.

Mzee Swai alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye kofia. Alinyoosha mkono akaishika sketi, akaibinya kati ya vidole kama mtu anayepima kahawa kama imekauka.

"Nzito," akasema.

"Ni nzito, baba."

"Mnaivaa vitani?"

"Babu za Waskoti waliivaa vitani. Sisi tuliivaa kuwazika wenzetu. Akifa mmoja wetu, mimi ndiye nilikuwa natembea mbele ya jeneza, napiga, mpaka kaburini."

Wale wa karibu na mapipa wakaacha kucheka.

"Uliwazika wangapi?"

"Kumi na mmoja, baba."

Mzee aliendelea kuishika sketi. Halafu akaikita fimbo chini, akaweka mkono mwingine kwenye bega la mwanawe, akaanza kuinuka. Binti zake wawili wakakimbilia kumshika, akawaondoa kwa kiwiko. Alisimama. Alilivuta koti lake la suti likae sawa, akasema, "Piga. Twende barabarani."

Basi tukatoka. Mzee wa miaka tisini mbele na fimbo yake, mwanawe hatua moja nyuma anapiga kwa mwendo wa baba yake, polepole, na sisi wote nyuma yao. Tulivuka geti, tukashika njia ya kupandisha. Kwenye kila mji, kila boma la jirani, mzee alisimama, akangoja wenyeji watoke, akanyoosha fimbo kumwelekea Elirehema na kusema maneno yale yale, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka ng'ambo ya mto: "Huyu ni mwanangu. Ni askari." Halafu tunaendelea. Wenye miji walijiunga. Waliokuwa wamecheka walibeba viti, wakaviweka kila baada ya hatua kadhaa ili mzee akichoka akae. Alikalia kimoja tu, tena kwa muda mfupi. Akinamama walipiga vigelegele mpaka Temba naye akatabasamu.

Kwenye mji wa tano alitoka bibi kizee mmoja, mkubwa kuliko hata mzee mwenyewe. Alimzunguka Elirehema mara mbili bila haraka, akainama nyuma yake, akatembeza kidole rinda baada ya rinda. Alipofika mwisho akauliza kazi hii imefanywa nchi gani.

Elirehema akaushusha mfuko wa zumari, akajibu kwamba imefanywa Moshi mjini, Majengo, na fundi yupo hapa.

Mzee Swai akageuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mahali ambapo fundi hukaa siku zote, naangalia nyuzi, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni kwa dharura yoyote. Miaka arobaini na mitano nilikuwa nimewavika watu wakaenda kwenye harusi zao, misiba yao na mahafali yao, na mimi nikabaki kibandani kufagia vipande.

"Njoo huku mbele, fundi," akasema mzee. "Kaa upande wangu wa kulia."

Umati ukafungua njia. Nilipita katikati yao, nikasimama alipoonyesha. Zumari ikanguruma nyuma yangu, na tukaanza kupanda tena, mimi na Mzee Swai tukiwa mbele ya watu wote.